Ndege Iliyozimika Juu ya Gesima

Baba Swabra alizikwa kabla sijafika Kisii. Nilijua itakuwa hivyo, kwa sababu Waislamu hawacheleweshi maiti, na mimi nilikuwa natoka mbali. Nilimkuta mkewe ameketi kwenye mkeka katika chumba cha nyuma, miguu ameinyoosha, wanawake wa mtaa wamemzunguka na birika la kahawa katikati yao. Aliponiona hakulia. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu akasema, "Nyanchama, umekonda." Kisha akawageukia wenzake: "Huyu ndiye yule msichana wa ndege." Mmoja akaniuliza kwa heshima kubwa kama mimi ni rubani. Nikasema hapana, mimi ni mwalimu wa umeme chuoni. Wakaitikia kwa adabu, kama watu walioahidiwa pilau wakaletewa uji. Mama Swabra akacheka, kicheko kikamletea machozi, na tangu hapo hatukuzungumza habari nyingine ila ule mwaka mmoja niliokaa nyumbani kwao.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza diploma ya elektroniki na nimepata kazi katika duka la kutengeneza redio na simu pale mjini. Nilitafuta chumba, nikaelekezwa kwa fundi wa viti vya magari aliyeitwa Idris, ambaye watu wote walimwita Baba Swabra kwa jina la binti yake aliyeolewa Mombasa. Babu zake walikuja Kisii kufanya biashara zamani sana, na yeye mwenyewe alizungumza Ekegusii, lugha ya Wakisii, vizuri kuliko mimi niliyezaliwa kijijini Nyacheki. Chumba nilichopewa kilikuwa nyuma ya karakana yake. Kilinuka gundi na sponji mpya, na ukutani misumari ilikuwa bado imening'iniza vipande vya ngozi bandia vya rangi zote. Siku niliyohamia niliinua macho nikaona dari limejaa ndege. Sizungumzii picha za ndege. Zilikuwa ndege zenyewe, za sponji ngumu na mianzi na karatasi ya nailoni, nyingine zina mabawa mapana kuliko kitanda changu, zimefungwa kwa uzi na zinageuka polepole kila mlango unapofunguliwa. Nililala chini yake usiku wa kwanza nikiwa mtu mzima mwenye diploma, na niliogopa kugeuka ubavu nisije nikaziamsha.

Baba Swabra alinieleza baadaye, tukila, jinsi mambo hayo yalivyomwingia. Akiwa kijana aliitwa katika kiwanja kimoja kidogo cha ndege kushona upya viti vya ndege ya watu wanne. Alivishona kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia kwenye gari lolote. Alipomaliza, rubani akaja na wageni wake, wakavikalia, wakaruka. Yeye akabaki chini na mkasi wake mkononi, akiangalia kazi yake ikipotelea kwenye mawingu chini ya makalio ya watu wengine. Alisimulia hivyo bila uchungu, akitafuna. "Hawakuninyima," alisema. "Hata hawakufikiria. Ndipo nikasema, basi nitengeneze ya kwangu, ndogo, nami nibaki chini lakini mkono wangu uwe juu." Mama Swabra akampakulia samaki mwingine na kusema, "Kuna wanaume wana wake wawili. Mimi mwenzangu ni sponji."

Maneno kama hayo niliyasikia kila jioni, kwa kuwa ukuta kati yangu na wao ulikuwa wa mbao tu. Ukuta ule ulinifundisha mengi kuhusu ndoa. Walibishana juu ya gundi iliyomwagika kwenye sinia la sambusa, juu ya jirani aliyesema si vizuri msichana wa Kisabato kukaa kwa Waislamu na kuchezea vitu vya wanaume, juu ya kama Swabra atakuja Idi au hatakuja. Kisha sauti ya Baba Swabra ingeshuka, na ningejua kwamba ameanza kumweleza mkewe bawa jipya. Alimweleza kama mtu anayesimulia ndoto, na mkewe, aliyekuwa amemcheka dakika chache nyuma, angeuliza swali. "Na mkia je, hautakuwa mzito?" Nilikuwa nikisikiliza nikiwa na kijiko mdomoni. Leo nimeolewa miaka mingi, na bado swali lile la mkia ndilo ninalopimia mapenzi.

Mara ya kwanza nilipoiona ndege yake ikiruka ilikuwa adhuhuri ya jua kali, kwenye kiwanja kimoja pembeni mwa mji. Alinipa niishike juu ya kichwa, akanionya nisiogope kelele za propela, akaongeza moto kwa rimoti, na akapiga ukelele: "Achia!" Niliachia. Kitu kile kilichokuwa na uzito mikononi mwangu kikaacha kuwa na uzito. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nimesoma darasani nguvu inayoliinua bawa, nimechora mishale yake kwenye mtihani nikapata alama, lakini kidole changu cha mwisho kilipouachia ule mwili wa sponji nilihisi hewa ikiuchukua kama mama anavyopokea mtoto aliyeshikiwa na mgeni. Ikapanda, ikalala ubavu, ikapita mbele ya jua na kivuli chake kikanipita usoni. Nilijikuta nimeshika kifua. Baba Swabra hakuniangalia, macho yake yalikuwa juu, lakini alitabasamu kama mtu aliyejua nitakachofanya.

Kuanzia hapo jioni zangu hazikuwa na kazi nyingine. Yeye alikuwa hodari wa mabawa, mimi nikawa wa nyaya. Ndege yake kubwa, aliyoipa jina la Bibi kwa sababu ilikuwa pana na tulivu, ilikuwa na betri moja tu. Betri hiyo iliendesha mota ya mbele, na kupitia kidhibiti cha mota ililisha pia kipokezi, yaani kile kisanduku kidogo kinachosikia amri za rimoti, pamoja na vimota vinne vidogo vinavyosukuma mkia na ncha za mabawa. Vimota hivyo tuliviita sevo kama wanavyoviita wenyewe. Mimi niliongeza kitu cha tano: kamera ndogo kama kiberiti, niliyoipata dukani kwenye vifaa vilivyoachwa, nikaiunganisha kwenye umeme uleule. Tulitaka kuona nchi yetu kutoka juu. Tulitaka kuiona mashariki, kwenye chai, ambako milima imepangana hadi macho yanachoka. Huku kwetu kiwanja tambarare ni kitu cha kutafutwa, lakini Baba Swabra alimjua mteja mmoja wa Gesima aliyetuambia kuna uwanja wa mpira mzuri karibu na kituo cha kununulia chai.

Tulifika Gesima asubuhi mapema, baridi ikiuma, ukungu bado umelala kwenye mabonde. Kina mama walikuwa wameketi kwenye ubao wa kituo na vikapu vyao vya majani mabichi, wakingoja lori la kiwanda. Walituangalia tukiiunganisha Bibi. Niliishika, nikaiachia, ikapanda vizuri kabisa, na karibu ubao mzima ukasimama. Nakumbuka sauti waliyoitoa pamoja, sauti ndogo ya kuvuta pumzi, watu ambao maisha yao yote wametazama chini kwenye majani wakiinua nyuso kwa wakati mmoja. Baba Swabra akaizungusha juu ya chai. Akaishusha kidogo ipate mwendo, kisha akavuta kuipandisha kwa nguvu huku akiigeuza. Mota ikanyamaza. Haikukohoa, ilinyamaza tu, kama redio iliyochomolewa. "Haisikii," akasema, vidole vikihangaika kwenye rimoti. "Nyanchama, haisikii!" Nilipiga kelele watu wakimbie, kwa Kiswahili, kwa Ekegusii, sijui kwa nini kingine. Walikimbia wote isipokuwa mmoja aliyekuwa mzito wa kuinuka. Bibi ikashuka kwa kichwa ikajichomeka ndani ya kikapu cha chai cha mama huyo, kati ya magoti yake, na majani mabichi yakaruka juu yakamwangukia kwenye kitambaa cha kichwa.

Jina lake Kerubo. Alikuwa mjane mwenye umri wa bibi yangu, mwembamba, mwenye mikono ya kahawia iliyopasuka na utomvu wa chai. Nilimkimbilia. Yeye alikuwa anaiangalia ile ndege ndani ya kikapu chake, mkia umesimama juu. "Imekufa?" akaniuliza. Nikaishika niivute, na hapo Baba Swabra, ambaye alikuwa bado anahangaisha rimoti bila kujitambua, akasogeza kidole, na mkia ukatikisika mbele ya macho yetu, kushoto, kulia, mzima kabisa, ukitii. Iliyokufa hewani ilikuwa imefufuka kwenye chai. Sijawahi, hata baada ya miaka yote hii ya kufungua vyombo vilivyoharibika, kuona kitu kilichonitisha kama ule mkia mtiifu.

Mwenyekiti wa kituo, Mzee Ombati, alikuja akiwa amekasirika kwa haki. Hakutupigia kelele. Aliangalia propela, akaigusa ncha yake kwa kidole gumba, akaangalia magoti ya Kerubo. "Mngeua mama wa watu," alisema. "Mrudi na hiyo kitu yenu Kisii. Na msirudi hapa." Baba Swabra alijibu, "Ni kweli, mzee." Njia nzima ya kurudi alikuwa ameikumbatia ndege kifuani kama mgonjwa. Tulipofika aliitundika, akafunga mlango wa karakana, na jioni ile nikasikia ukuta ukisema, "Nimeacha, Mama Swabra. Angekufa, ningeishije?" Na mkewe hakufanya mzaha wowote.

Aliacha kweli. Alishona viti, alikula, aliswali, na dari lilibaki linageuka peke yake. Mimi ndiye sikuweza kuacha. Si kwa ushujaa. Kilichonisumbua ni ule mkia. Nilipima betri kwa mita: nzima. Nilipima umeme unaofika kwenye kipokezi: volti tano, kama kitabu kinavyotaka. Nilisogeza vijiti vya rimoti pande zote na kila kitu kikacheza. Nilifanya hivyo jioni baada ya jioni, nikiwa nimetoa propela isije ikanikata, na kila mara ndege iliniambia kwamba haina ugonjwa. Nilianza kufikiri labda ni mawimbi ya redio, labda ni milima, labda ni Mungu.

Kisha siku ya soko Kerubo akatokea mlangoni. Alikuwa ameleta ndizi kuuza mjini na akauliza watu hadi akafika. Baba Swabra alipomwona alisimama, sindano mkononi, akawa kama mwanafunzi. "Karibu mama, karibu ndani." Kerubo akaingia, akainua macho darini, na akazitazama ndege moja moja, mdomo wazi kidogo. Halafu akaangalia chini, akatuangalia sote wawili. "Mmetengeneza?" aliuliza.

"Mama, ile kazi nimeacha," akasema Baba Swabra. "Nilikaribia kukuua."

"Hukuniua. Kama ungeniua ningenyamaza." Akakaa kwenye kiti cha gari kisicho na gari, akamwita Idris kwa matamshi yetu ya Kigusii. "Itirisi, sikia. Mimi niliona hiyo ndege inapanda. Nikasema, Kerubo, leo umeona kitu. Halafu ikaanguka na sijaona yote. Sasa nikilala naona nusu tu. Unataka niende kaburini hivyo, na nusu?"

Mama Swabra alimletea chai ya tangawizi na sambusa, na akakaa naye. Wale wawili wakaelewana mara moja, kama wanawake wanaogundua kwamba wote wana mtu wa kumcheka. Ndipo mimi, kwa kujaribu tu, nikamwuliza Kerubo aliona nini, kwa kuwa yeye alikuwa ameitazama tangu mwanzo hadi inamfikia. Akafikiri. Akaeleza kwa mikono yake. Ilikuwa inavuta juu, alisema, imekaza, imekaza kama mtu anayepandisha mlima na mzigo. Halafu ikalegea yote. "Kama mtu amesinzia. Na ilipokaribia mimi, hapa," akaonyesha juu ya kichwa chake, "ikashtuka. Mkia ukashtuka. Lakini ilikuwa karibu sana, haikuwahi."

Nilikuwa nimeshika sambusa. Niliiweka chini. Kusinzia, halafu kushtuka. Kipokezi kikikosa umeme wa kutosha hata kwa kufumba na kufumbua, hujizima, halafu umeme ukirudi hujiwasha upya, na kujiwasha huko huchukua muda wa ndege kufika chini. Nilikuwa nimepima umeme wa ndege iliyopumzika mezani. Hakuna aliyekuwa amepima umeme wa ndege inayopanda mlima na mzigo.

"Baba Swabra," nikasema, "njoo uwe upepo."

Alifikiri nimechanganyikiwa. Nikaiteremsha Bibi, nikaiweka juu ya meza ya kukatia ngozi, nikamwomba aushike mkia kwa mkono mmoja na ncha ya bawa kwa mwingine, azizuie zisisogee, kama hewa inavyozizuia ndege ikiwa na kasi. Mama Swabra akashika bawa la pili. Kerubo akasogeza kiti. Nikawaonyesha taa ndogo nyekundu ya kipokezi, nikawaambia waitazame. Kisha nikavuta vijiti vyote viwili hadi mwisho kwa pamoja. Sevo zikalia, zikisukumana na mikono yao, na ile taa, mbele ya macho yetu, watu wazima wanne na diploma moja, ikazima. Ikakaa gizani. Mikono yao ikahisi mkia unalegea. Halafu ikawaka tena, na mkia ukashtuka. "Hivyo!" Kerubo akapiga kelele. "Hivyo hivyo!" Baba Swabra alikuwa bado ameushika mkia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafutia. Alikuwa ameishika mikononi mwake sababu ya kitu alichokuwa amekiita bahati mbaya, kisha akakiita hukumu.

Niliwaeleza kwa mfano wa maji, kwa sababu pale mtaani kila mtu aliyajua. Bomba likiwa jembamba na nyumba moja imefungua, maji yanafika vizuri. Zikifungua zote kwa pamoja, nyumba ya juu inapata upepo tu. Kipokezi chetu kilikuwa nyumba ya juu. Kile kidhibiti cha mota hakikuwa na nguvu ya kulisha sevo nne zikikaza kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa nimekiongezea kamera. Nyaya za kwenda mkiani zilikuwa ndefu na nyembamba kama za kengele, na viungo vyake vilikuwa vya kusokotwa na kuzungushiwa utepe. Na baridi ya Gesima ilikuwa imeifanya betri yenyewe iwe nzito kutoa umeme. Mchana wa jua hapa mjini yote hayo yalivumilika. Asubuhi kule juu yalikutana.

Tulianza upya. Kipokezi na sevo zikapata betri yao wenyewe, ndogo, isiyohusiana na mota, pamoja na kifaa chake cha kusawazisha volti chenye nguvu kuliko tulivyohitaji. Nikachomoa ule waya mwekundu unaotoka kwenye kidhibiti cha mota, ili vyanzo viwili visigombane. Nyaya nikazibadilisha kwa nene na kuzifupisha, kila kiungo nikakichomea kwa risasi hadi kikang'aa. Kando ya kipokezi nikaweka kapasita nene kama kidole, iwe kama ndoo ya akiba karibu na mlango, ya kuziba yale mapengo mafupi sevo zinapokurupuka. Kamera nikaipa kibetri chake, isiombe mtu. Mama Swabra na mumewe wakawa upepo tena, kila jioni, wakishika na kusukuma hadi sevo zikapata joto, na taa haikuzima. Lakini mezani hapakuwa na baridi. Kwa hiyo Kerubo akasema tulale kwake.

Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, jiko limejitenga, moshi ukitoka kupitia nyasi. Alitupikia ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga chungu zetu, zilizolazwa kwenye maziwa, na Baba Swabra akala hadi Kerubo akamwuliza kama Kisii hawapiki. Kulipopambazuka tuliiweka ndege nje kwenye umande hadi sponji ikawa baridi kama jiwe, tukashika, tukavuta. Taa ilififia kidogo tu, haikuzima. Kerubo akaichukua ile betri, akaipima kwa kiganja kama anavyopima yai. "Hii imeganda," alisema, na bila kuuliza akaitia ndani ya sweta yake, kwapani. Tulipojaribu tena baadaye, taa ilisimama imara. Tangu siku hiyo betri zetu zililala ndani ya nguo ya mtu hadi dakika ya kuruka. Leo nikifundisha wanafunzi wangu habari ya joto na betri, ninawaandikia kanuni ubaoni, lakini ninachokiona ni kwapa la Kerubo.

Tulikwenda kumwomba ruhusa ya kuirusha tena, na Mzee Ombati alitusikiliza kwenye ofisi ya kituo, mikono kifuani. Nilimweleza yote, na bomba la maji pia. Alisema, "Mimi sijui umeme. Najua wewe unaamini." Kisha akatoa hukumu yake, na mpaka leo naiona kuwa ya haki kuliko nyingi nilizosoma. "Watu wangu watakaa mbali, kule kwenye mti wa mwisho. Wewe, binti, utasimama katikati ya uwanja. Yeye ataipitisha juu yako, vile alivyofanya siku ile, kwa nguvu ileile. Ikipita, mtarusha. Ikianguka, imeangukia mwenyewe."

Baba Swabra alikataa papo hapo. Alisema bora aichome moto. Mimi nilisema ndiyo kabla sijajua nimesema nini. Kwa kila mtu anayetengeneza kitu huja siku anapotakiwa kuonyesha anakiamini kiasi gani, na wengi wetu tunapewa karatasi ya kutia sahihi tu. Mimi nilipewa uwanja.

Asubuhi ilikuwa na ukungu kama ile ya kwanza. Nilitembea hadi katikati, nikasimama. Nyasi zilikuwa na maji, soksi zikalowa. Niliwaza kila kiungo nilichokichomea, kimoja kimoja, nikitafuta kile nilichokichomea mkono ukiwa umechoka. Kisha nikasikia hatua nyuma yangu. Kerubo alikuwa anakuja na shali yake, taratibu, bila kugeuka nyuma ambako Mzee Ombati alikuwa anamwita kwa jina.

"Magokoro, rudi," nikamwambia, kama tunavyomwita bibi. "Hapa si pa kusimama."

"Wewe umesimama."

"Mimi ndiye niliyeitengeneza."

"Na mimi nimeipasha joto," akasema. Akautwaa mkono wangu. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome na cha moto kabisa. "Tazama juu, omoiseke, binti yangu. Usitazame chini, utakosa."

Bibi ilipanda kutoka pembeni mwa uwanja. Baba Swabra aliizungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikajua anaogopa. Halafu ikaja. Ilishuka kutoka upande wa jua moja kwa moja kwetu, kubwa, mlio wake ukipanda, hadi nikaona mistari ya gundi chini ya bawa. Juu ya vichwa vyetu akaivuta. Nilisikia sevo zikilia, zote nne, zikikaza dhidi ya hewa, na nilijua kwamba sasa hivi, katika pumzi hii, kila kitu kinaomba umeme kwa pamoja. Ilikunja mgongo wake. Upepo wake ukaipeperusha shali ya Kerubo. Na ikapanda. Ilipanda ikiwa karibu wima, ikatoboa ukungu, na juu kule jua likaipiga chini ya mabawa, sponji ya viti vya magari ikawa nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Haikusinzia. Nilikuwa nalia kwa sauti na sikujua. Kerubo alikuwa amerudisha kichwa nyuma kabisa, koo lake jembamba limenyooka, na midomo yake inasogea kama anayesali. Kutoka kwenye mti wa mwisho ikaja tena ile sauti ya watu wengi wakivuta pumzi.

Aliirusha hadi ukungu wote ukaisha. Alipoitua, Mzee Ombati alikuja, akaigusa tena ile propela kwa kidole gumba, akasema, "Haya," na akatuagizia chai.

Tuliinywa ndani ya ofisi ya kituo, na hapo nikachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta yangu. Wote wakasongamana nyuma yangu. Kwanza hawakuelewa. Kerubo aliuliza ni kitambaa gani. Kisha mtu akaona paa la kituo, mwingine akaona shule, na kelele zikaanza, kila mtu akitafuta kwake kwa kidole kwenye kioo. Chai ilikuwa imelala juu ya vilima kama kitu kilichofumwa na mtu mmoja, ilhali kila kipande kilikuwa cha mtu wake na ugomvi wake wa mpaka. Baba Swabra alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono mdomoni, akiangalia nchi kama anayeiangalia kutoka kwenye kiti alichokishona.

Kerubo alilipata jiko lake mwisho wa wote. Alilicheka, udogo wake. Kisha kidole chake kikagusa mstari mwembamba, mwekundu, uliotoka kwenye mlango wa jiko, ukazunguka mwamba, ukashuka katikati ya kijani chote hadi kwenye kituo tulichokuwa tumekaa. Ulionekana wazi kuliko barabara ya magari.

"Hiyo ni mto?" aliuliza.

"Hapana, Magokoro," nikasema. "Ni njia yako. Ya kuleta chai."

Akaifuata kwa kidole hadi chini, akarudi nayo hadi juu, polepole, kama anaitembea. Hakuna mwingine aliyekaa upande ule wa kilima. Hakuna miguu mingine iliyopita pale kila siku tangu aolewe.

"Mimi nilidhani," akasema, "siku zote hizo nilikuwa naenda na kurudi tu."